Skrubu ya nanga imelegea: niikaze?

Swali: Mgonjwa ameng'olewa gego dogo la kwanza kila upande, taya la juu. Niliweka skrubu za nanga, zile ndogo zinazoingia kwenye mfupa wa taya, za upana wa milimita 1.6 na urefu wa 8, kati ya gego dogo la pili na gego kubwa la kwanza, ili nivute meno ya mbele nyuma kwa springi. Wiki ya tano, skrubu ya kulia inacheza na ufizi umevimba. Niikaze?

Jibu: Usiikaze, daktari. Skrubu hizi hushikwa hasa na ganda gumu la mfupa linalobana hesi zake. Tundu likishapanuka, kuizungusha ni kulipanua zaidi. Ingekuwa inacheza kidogo mno na ufizi mzima, ungepunguza nguvu ukaitazama. Hiyo yako itoe. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki, na tundu hujifunga lenyewe.

Leo hii legeza pia springi ya kushoto. Upande mmoja ukivuta peke yake, mstari wa kati wa meno utahamia kushoto, na kuurudisha ni kazi ya miezi.

Kisha piga eksirei. Mshukiwa wa kwanza wa kulegea huko ni mzizi wa jino: hesi ikiugusa, kila mgonjwa anapotafuna jino hutikisika na kuisukuma skrubu. Unataka mfupa wa walau milimita 1 kila upande, yaani nafasi ya takriban 3.6 kwa skrubu yako. Ikiwa finyu, hamia kwenye kaakaa, au tumia skrubu nyembamba zaidi. Ukiweka mpya, ganzi iwe kidogo, ufizi tu ufe ganzi. Mgonjwa akiruka, umegusa mzizi: rudi nyuma, badili mwelekeo.

Mshukiwa wa pili ni mahali skrubu ilipotokeza. Kichwa kikae kwenye ufizi mgumu ulioshikamana na mfupa. Vuta shavu: ngozi ikitikisika pale, umeiweka juu mno, na uvimbe hautakwisha kwa kusukutua.

Wa tatu ni mkono. Bisibisi ikiyumba, tundu huwa pana tangu mwanzo. Nguvu ya kukazia ibaki nyutoni-sentimita 5 hadi 10. Ukizidisha sana, mfupa hupata nyufa ndogo na kufa.

Skrubu mpya ikishika imara, ianze na springi ya nikeli-titani ya gramu 150, uliyoipima kwa kipimanguvu. Mnyororo wa mpira hupoteza sehemu kubwa ya nguvu siku ya kwanza tu. Meno ya mbele yakianza kulalia ndani, refusha ndoano ya kwenye waya, mvuto upande kuelekea usawa wa mizizi.