Mwezi wa washairi wa usasa: maswali yenu na majibu yetu

Shikamooni. Darasani tulifundishwa kwamba kwa Wallace Stevens, Mmarekani wa usasa (mkondo wa fasihi wa mwanzoni mwa karne ya 20), jua ni uhalisia na mwezi ni ubunifu. Nimeandika hivyo kwenye insha, nikapewa alama ndogo. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hujakosea, umeishia njiani. Fungua "The Comedian as the Letter C", shairi la sehemu sita lililomo katika kitabu chake cha kwanza, *Harmonium* (1923). Mhusika, Crispin, anasafiri baharini kutoka Bordeaux hadi Yucatan, kisha Carolina. Katika sehemu ya tatu anawaza kwamba kitabu cha mbalamwezi bado hakijaandikwa. Ukisoma mstari huo peke yake utadhani ni sifa tupu. Endelea kidogo: anaanza kuushuku mwanga huo, anauona ni mwepesi, ni namna ya kuikwepa dunia au kukutana nayo juujuu. Kisha chombo kinaingia mtoni na pua ya Crispin inakutana na utomvu uliochacha, mbao zilizolowa, kamba, magunia yanayooza na hewa itokayo kwenye milango ya maghala. Hapo ndipo Crispin anapoamka kweli.

Kwa hiyo mwezi umesifiwa, umeshukiwa, na mwisho umezidiwa na harufu ya bandari, yote ndani ya sehemu moja ya shairi moja. Insha inayosema "mwezi ni ubunifu" ikaweka nukta imeuacha ugomvi wote huo nje, na ugomvi ndio wenye alama.

Safari nyingine chukua penseli. Pigia mstari kila mahali mwezi au mwanga wake unapotajwa, kisha andika pembeni kitenzi chake, si kivumishi. Vivumishi vya mwezi hufanana kwa washairi wote; vitenzi ndivyo vinavyoonyesha kama unaumba, unaficha, unadanganya au umekaa tu. Halafu jiulize ni kitu gani kimebadilika baada ya mwanga kukifikia. Kama hakuna, basi hapo mwezi ni pambo, usiulazimishe kuwa ishara.

Soma pia "The Man on the Dump", katika *Parts of a World* (1942). Mtu yuko kwenye jaa la taka, na mwezi unachomoza kama mwezi tu, kwa sababu picha zake zote zimeshatupwa jaani. Kwetu sisi hilo ndilo shairi la Stevens lenye mwezi mzito kuliko yote, ingawa vitabu vya mitihani hupenda mengine.

Wazo hili la mwezi na ubunifu lilianzia kwa washairi wa usasa?

Hapana, walilirithi kwa walimbwende (Romantics), washairi wa mwanzoni mwa karne ya 19 waliotukuza hisia na ubunifu. Mmoja wao, Mwingereza Coleridge, katika sura ya 14 ya *Biographia Literaria* (1817), anaeleza jinsi mbalamwezi au machweo yanavyoitandaza haiba ya ghafla juu ya mandhari ambayo mtazamaji ameshaizoea. Anatumia mfano huo kuonyesha kwamba ushairi unaweza kushika mambo mawili kwa pamoja: ukweli wa vitu na upya unaotoka akilini. Mandhari ni ileile, mwanga ndio uliobadilika.

Tatizo ni kwamba kufikia mwisho wa karne ya 19 mbalamwezi ilikuwa imechakaa kwa kutumiwa. Jules Laforgue, Mfaransa aliyezaliwa Montevideo mwaka 1860, aliushughulikia uchakavu huo kwa mzaha. Mwezi wake anauita Bibi Mtukufu kama anayemwomba kanisani, huku akimcheka. Mwitalia Marinetti hakuwa na subira ya mzaha: mwaka 1909 alitoa tamko lenye kichwa kinachoamuru mbalamwezi iuawe. Mwaka huohuo, kule Argentina, Leopoldo Lugones alitoa *Lunario sentimental*, kitabu kizima kuhusu mwezi, chenye deni la wazi kwa Laforgue.

Kwa nini T. S. Eliot anaweka taa za barabarani karibu na mwezi?

Kwa sababu mjini mwezi umepata mshindani. Katika shairi lake "Rhapsody on a Windy Night" saa zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane hadi saa kumi alfajiri, na taa ndizo zinazozungumza, zikimwamuru mpita njia atazame hiki na kile. Mwezi wenyewe ni bibi aliyepoteza kumbukumbu, usoni ana makovu ya ndui, mkononi anasokota waridi la karatasi. Mstari wa Kifaransa uliomo humo, kwamba mwezi hauna kinyongo, Eliot aliutoa kwa Laforgue akaubadilisha kidogo. Asiyejua hilo huusoma kama upole wa mshairi, kumbe kuna kejeli.

Ninaandika mashairi huru. Kila nikiutaja mwezi, shairi linanuka uzee. Nifanyeje?

Jifunze kwa mshairi Mwingereza T. E. Hulme. Shairi lake "Autumn" (1909) lina mistari saba. Mwezi mwekundu umeegemea ua wa miti kama mkulima mwenye uso mwekundu. Msemaji hasimami kuongea naye, anatikisa kichwa tu na kupita. Nyota zinafananishwa na watoto wa mjini wenye nyuso nyeupe. Basi. Hakuna machozi wala mpenzi.

Angalia alivyofanya. Mwezi umepewa tashibihi moja tu, na kilichotumika ni cha hali ya chini kuliko mwezi, mtu wa kukutana naye njiani. Wengi hukosea hapo: huufananisha na kitu kitukufu zaidi, malkia au lulu, na shairi linapaa likapotea. Kosa la pili ni kuongeza tashibihi ya pili kabla ya ile ya kwanza kukaa. La tatu ni kueleza hisia baada ya picha. Ukimaliza rasimu, futa mstari wa mwisho uone kama shairi linasimama. Mara nyingi linasimama.

Na usidhani kuacha vina ndiko kutakakouokoa mwezi wako. Tangu Kezilahabi atoe *Kichomi*, diwani ya mashairi huru, mwaka 1974 tumebishana mno kuhusu vina na mizani, hadi wengine wanaamini usasa ni kuviacha tu. "Above the Dock" ya Hulme, yenye mistari minne, mwezi ukiwa umenaswa kwenye kamba za mlingoti kisha ukageuka puto la mtoto, ina vina mwanzo hadi mwisho.

Yeats alikuwa na kalenda yake ya mwezi?

Ndiyo, mshairi huyu wa Ireland alikuwa na mfumo wa awamu 28, alioueleza katika *A Vision* (1925, kisha toleo la 1937). Usijaribu kuulinganisha na mwezi wa mwandamo, ambao ni siku 29 au 30. Wake ni wa tabia za watu na vipindi vya historia. Awamu ya 1 ni giza, ya 15 ni mwezi mpevu, uzuri kamili wa ndoto. Ajabu ni kwamba katika awamu hizo mbili binadamu hawezi kuishi. Yeats alijiweka ya 17, pamoja na Dante na Shelley: ameupita upevu, lakini mwanga wake bado uko mwingi. Anza na shairi "The Phases of the Moon", si na kitabu chenyewe. Kitabu kimewachosha wengi.

Mwezi wa Lorca nao ni ubunifu?

La. Katika *Romancero gitano* (1928), diwani ya mshairi huyu wa Hispania, mwezi unaingia kwenye karakana ya wahunzi na kuondoka na mtoto. Katika tamthilia *Bodas de sangre* unatokea msituni kama kijana mkata kuni mwenye uso mweupe, anayetamani damu ya kumpasha joto, na anawamulikia wanaowasaka wapenzi waliotoroka. Mtihani ukikuuliza kuhusu Lorca, andika kifo.