Barua kwa mwanangu: kilo ngapi?

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma mara ya kwanza ndani ya matatu ya 58, nikaurudia nyumbani baada ya kuvua viatu. Unauliza itakuchukua muda gani kuwa bingwa wa hiyo kazi yako ya programu, maana umemaliza miaka miwili na vijana waliokuja nyuma yako wanakupita. Ukaongeza ile hesabu ya saa elfu kumi, kwamba ukizimaliza kwa mazoezi unakuwa bingwa, na mwisho kabisa, kama mtu anayeaga mlangoni, ukauliza kama uendelee au uache.

Hesabu tuimalize upesi. Ilitokana na wapiga fidla wa Berlin waliochunguzwa na mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, wakaandika mwaka 1993. Waliokuwa bora kabisa walikuwa wamefikisha saa kama hizo wakiwa na miaka 20, kwa wastani. Wastani, baba: wengine hawakuzifikisha. Tena hazikuwa saa za kukaa kazini ukingoja mshahara. Zilikuwa saa za mtu kujifungia na fidla yake, anarekebisha kile mwalimu alichomkosoa. Ericsson mwenyewe alilalamika baadaye kwamba watu wamezigeuza kuwa sheria.

Swali lenyewe ni hili: nani anakwambia umekosea, na anakwambia baada ya muda gani? Najua, baba yako hunimalizia sentensi hii kabla sijaifikisha. Nitaisema tu.

Nilipoingia wodi ya leba mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi wa ukunga, Sista wetu, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alitufundisha kupapasa mimba. Pasha viganja joto kwanza. Anza juu, shuka ubavuni utafute mgongo wa mtoto, kisha ushuke chini utafute kichwa. Usichokoe kama unayetafuta sarafu mfukoni. Ukimaliza anakuuliza, "Kilo ngapi?" Unaandika jibu lako daftarini, kwa kalamu ya wino, kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto akija anawekwa kwenye mizani ukiwa umesimama hapo hapo. Umeandika 3.5, mizani inasema 2.8. Sista hakutukani wala hakufariji. Anasema "andika", basi. Siku moja nikagundua kwamba namba zangu na za mizani zimeanza kukaribiana, na ungeniuliza vidole vimejua nini, nisingeweza kukueleza.

Chuoni, niliporudi kusoma, tulifundishwa habari za Patricia Benner, muuguzi wa Marekani. Mwaka 1984 aliandika juu ya hatua tano za muuguzi, kutoka mgeni wa kazi hadi bingwa. Hatua hizo alizichukua kwa ndugu wawili wa Berkeley, Hubert na Stuart Dreyfus, ambao wao walikuwa wamewatazama marubani na wacheza sataranji. Mgeni hushika kanuni moja moja. Bingwa huiona hali nzima kwa mara moja, kanuni anazikumbuka akiulizwa tu. Hatua ya tatu, ya mtu anayejimudu, Benner aliiweka kwenye miaka miwili au mitatu ya kazi ile ile. Yaani hapo ulipo wewe. Lakini mimi nimefanya kazi na watu waliokaa hatua hiyo ya tatu hadi pensheni. Miaka walikuwa nayo. Daftari hawakuwa nalo.

Kile kisa cha mapacha unakijua, ila sehemu ya sindano sidhani nimewahi kukusimulia vizuri. Zamu ya usiku, mama ameletwa kutoka Mathare, hajafikisha wiki 36, nami nikipima tumbo napata sentimita 42, kubwa kuliko wiki zake. Chini kuna kichwa. Juu, chini ya mbavu za kushoto, kuna kitu kingine kigumu, ukikigusa kinadunda chenyewe. Ndivyo kichwa kinavyofanya. Matako hayafanyi hivyo, hutembea na mwili mzima. Nikamwita mwenzangu. Kila mmoja na fetoskopu yake ya mbao, ile ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, yeye kulia mimi kushoto, tukahesabu mapigo ndani ya dakika moja. Yeye 132, mimi 148. Tofauti ikizidi kumi, si moyo mmoja huo. Daktari wa zamu akaja, akagusa juu juu, akasema ni maji mengi tu, na kwamba wanafunzi wa siku hizi tunasoma kupita kiasi.

Alfajiri akazaliwa msichana. Mwenzangu ameshashika ile sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, ambayo ukiichoma mtoto wa pili akiwa bado ndani unaweza kumuua. Sista akamshika mkono, akapapasa tumbo, akanitazama. "Huyu wa pili kilo ngapi?" Nilikuwa nimeandika 2.1. Akaja mvulana, ametanguliza matako, mizani ikasema 2.2.

Daktari aliandika "mapacha" kwenye faili kana kwamba alijua tangu jioni. Miaka mingi baadaye nilimsikia akikisimulia kisa hicho kwenye semina, na mimi humo simo. Nyanya yako alinishauri niyaache. Nimeyaacha, kama unavyoona.

Lakini nijipinge mwenyewe kidogo. Yule daktari alikuwa na mizani ile ile, watoto wale wale, na hakujifunza kitu usiku ule. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi, mtu lazima awe ameandika namba yake kwanza, la sivyo atajiambia alijua. Halafu kuna kazi zisizo na mizani. Kumkalia mama aliyepoteza mtoto, nani atakwambia ulikosea? Mama huyo haonekani tena kliniki. Na bado Sista alijua la kusema na wakati wa kunyamaza, na sikuwahi kuona daftari lake la hayo. Hapo maneno yangu yanachechemea, na sina la kuyaegemeza.

Kazi yako, nashukuru, ina mizani. Programu inakubali au inakataa, na umesema kuna dada mmoja mkubwa wako anayekurudishia kazi ikiwa na maandishi mekundu. Unalalamika juu yake kila Jumapili. Unayasoma yale maandishi, au unarekebisha tu ili yaondoke? Kabla hujamtumia, umewahi kuandika mahali unapodhani atakukosoa?

Kuhusu kuendelea au kuacha, sisemi. Baba yako amenikataza. Nina maoni, na si madogo. Njoo Jumapili kabla ya saa saba uniulize mbele ya baba yako, maana nikikujibu peke yangu mtakuja kusema nilikusukuma.

Mama yako