Porsche 911 GT3: usiipe suspensheni sifa zote

Kati ya GT3 ya kizazi cha 991.2 na ya kizazi kilichofuata, 992, kuna sekunde 17 kwenye Nürburgring Nordschleife, njia ndefu ya mbio ya Ujerumani, na dereva ni yuleyule, Lars Kern: 7:12.7 mwaka 2017, halafu 6:55.34 kwa 992. Zote zina injini ya lita 4.0 isiyo na tabo, nguvu zimepanda kutoka farasi 500 hadi 510 tu, na uzito umeongezeka kilo chache. Ndiyo maana wengi hukimbilia kusema siri ni suspensheni mpya ya mbele. Imechangia, lakini haikuwa peke yake.

Anza na urefu wa njia. Nyakati hizo mbili ni za kilomita 20.6. Mzunguko kamili wa kilomita 20.832, 992 iliumaliza kwa 6:59.927. Ukiushindanisha huu na 7:12.7, umeipunja 992 sekunde nne na nusu, na kosa hili haliishi kwenye mabishano. Kisha angalia tairi: 992 ilivaa Michelin Pilot Sport Cup 2 R, tairi ya kuongezea pesa, inayong'ang'ania lami kuliko Cup 2 ya kawaida. Bawa la nyuma nalo ni jipya, limening'inizwa kwa juu ili upepo wa chini yake upite bila kizuizi.

Sasa suspensheni yenyewe. GT3 za 996, 997 na 991 zilitumia MacPherson mbele, ambapo shokapu ndiyo inayoshikilia gurudumu kwa juu. Gari likiinama kwenye kona, tairi ya nje huinama nalo na kukanyagia bega, yaani ukingo wake wa nje. Shokapu nayo husukumwa ubavuni wakati inatakiwa kupanda na kushuka, kwa hiyo hukwama kidogo na kuchelewa kwenye matuta madogo. 992 ina mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, kama 911 RSR ya mbio. Springi ikibanwa, mkono wa juu huvuta kichwa cha gurudumu ndani na tairi hubaki imekanyaga bapa. Shokapu haibebi tena nguvu za ubavu. Nyuma badiliko kubwa lilikuja mapema, na 991: magurudumu ya nyuma yanayopinda hadi nyuzi 1.5.

Mwenye 997 au 991 asikate tamaa. Mkono wa chini wa mbele una shimu, vibati vyembamba vya kuurefusha. Ukiongeza, kemba hasi, yaani kuinama kwa kichwa cha gurudumu kuelekea ndani, inaongezeka, na kwa uwanjani wengi hulenga nyuzi 2 hadi 2.5. Shimu zikiongezwa, mwelekeo wa magurudumu nao hubadilika. Fundi asipoupima upya, matairi hayaangalii mbele sawasawa na kingo zake zinaisha kwa safari za barabarani, halafu lawama inaangukia kemba.

Kujua kama kemba inatosha, ingia piti bila mzunguko wa kupooza, choma tairi kwa kipimajoto cha sindano sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Ndani ikizidi kidogo ni sawa. Nje ikiwa ya moto zaidi, ongeza kemba. Katikati ikizidi kote kuwili, upepo umejaa mno, punguza kabla hujagusa spana.