Mkuu, jioni ya kuondoka Dar kamera usiiguse

Mkuu, soma hapa kabla hujakata tiketi. Umeandika unatoka Mwanza unakuja Dar kikazi siku mbili, kikao kinaisha saa 9 alasiri siku ya pili, ndege saa 2:30 usiku, na hapo katikati unataka kuvuka Kigamboni ukapige picha ya mji jua likizama. Usithubutu. Mimi nilifanya hivyo hivyo, karibu saa hizo hizo, Agosti 2022, na niliyalipia.

Aliyenijaza maneno ni mwenyeji wangu wa ofisi ya Dar. "Unavuka dakika tano, unapiga, unarudi, saa moja uko njiani kwenda uwanja wa ndege." Dakika tano za mwenyeji wa Dar ni kama kesho ya fundi cherehani. Pantoni ikishaondoka, ni kweli safari ni fupi, unaona ng'ambo kwa macho. Habari ya kuisubiri hakunigusia hata kidogo. Baadaye ndiyo anakiri kwamba yeye anaishi Mbezi na Kigamboni hajakanyaga miaka mingi! Sasa ulikuwa unanishauri kwa ujuzi upi, ndugu yangu?

Jua lilizama kama saa 12:25. Nikanyanyuka ufukweni saa 12:40, nikijipa moyo kwamba jioni watu wote wanarudi Kigamboni, kwa hiyo upande wa kwenda mjini ni mteremko. Kumbe pantoni inakaa upande wa pili ikishusha na kujaza, nawe umesimama kwenye banda unaiangalia taa zake. Pembeni yangu kulikuwa na mama mwenye ndoo mbili tupu, akaniuliza, "Mwanangu, mbona unatazama saa hivyo, una mgonjwa?" Nikamwambia nina ndege. Akanitazama, akatazama maji, akasema tu pole.

Nimefika mjini saa 1:20 usiku. Begi la nguo liko mapokezi hotelini Posta, katikati ya mji, nikalifuate. Bodaboda, Barabara ya Nyerere imejaa malori na daladala, tunapenya pembeni, begi mgongoni, kamera kifuani. Saa 2:10 niko kwenye kaunta. Imefungwa. Ndege naiona kwenye ubao, bado haijaondoka, na dada wa kaunta ananiambia kwa upole kwamba abiria wote wameshaingia.

Tiketi mpya na chumba cha usiku ule nililipa mfukoni, lakini hicho si ndicho kinachoniuma. Kwenye begi nilikuwa na mkataba halisi, wenye sahihi na muhuri, uliotakiwa Mwanza saa 3 asubuhi. Nimetua mchana. Mteja alikuwa ameshapokea wa watu wengine. Bosi hakunigombeza hata neno moja, na ningependa angenigombeza. Safari za Dar zilizofuata, zaidi ya mwaka mzima, alikwenda mwenzangu.

Na picha zenyewe? Arobaini na moja, hakuna hata moja niliyoitundika. Ukiwa Kigamboni mji uko magharibi yako, kwa hiyo jioni jua linashukia nyuma ya maghorofa. Unapata anga la rangi ya chungwa na chini yake meno meusi. Mwanga wa kuyapiga yale majengo usoni ni wa asubuhi, jua likitokea upande wa bahari. Yaani niliharibu kazi kwa ajili ya mwanga ambao hata haukuwa wenyewe.

Kwa hiyo shika hili moja: picha ni kabla ya kazi. Alfajiri ya siku ya pili, hapo tu. Jua la Dar halikusumbui, mwaka mzima linachomoza kati ya saa 12 kasoro kidogo na saa 12:40 asubuhi. Lala Posta au Kisutu, amka saa 11, toka kwa miguu. Ufukwe wa Kivukoni una Kanisa la Azania Front lenye vigae vyekundu, Wajerumani walilimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mwanga wa kwanza unaligonga mnara kabla barabara haijapata kitu. Picha yangu ninayoipenda kuliko zote niliipata pale safari iliyofuata: muuza kahawa ameinama juu ya jiko lake la mkaa, mvuke wa dele umeshika jua, vikombe viwili vidogo mkononi akivigonganisha. Nilimwomba ruhusa, nikanywa kikombe, nikala kashata, nikapiga mara tatu. Saa 1:30 nilikuwa hotelini naoga, saa 2 niko kikaoni na akili imetulia.

Ukisogea hadi Soko la Feri, omba kwanza kabla ya kumwelekezea mtu kamera, na kumbuka Ikulu ya Magogoni iko jirani: upande huo usielekeze lenzi kabisa.

Kikao kikiisha saa 9, kamera iingie begini, zipu ifungwe, kula wali samaki wako taratibu, saa 11 uwe kwenye gari. Uliuliza na lenzi gani ubebe. Mimi nabeba moja ya milimita 35. Hoteli umeshachukua? Kama ni ya kule Sinza au Mbezi, badilisha leo, maana alfajiri ya Kivukoni hutaiwahi kutokea huko.