Barua kwa mwanangu: Mbwa wako na barabara ya Darwin

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wewe na mwenzako mmepata gari la kukodi lenye vitanda na jiko ndani, na kwamba mnakusudia kulipitisha katika nyika ya Australia kutoka huku kwangu Adelaide hadi Darwin wakati wa likizo ya Desemba. Umeniuliza kama ni salama kuwachukua mbwa wenu wawili au ni heri kuwaacha Melbourne kwa watu wa kuwatunza. Jibu langu ni kwamba wachukueni, ila si Desemba. Kama likizo haiwezi kusogezwa, waacheni.

Barabara ya Stuart, kutoka Port Augusta hadi Darwin, ina takriban kilomita 2,700, na sehemu kubwa yake hupita kwenye nyika kavu isiyo na kivuli. Coober Pedy, ambako watu huchimba nyumba ardhini ili kuukimbia ukali wa jua, joto la mchana mara nyingi huvuka nyuzi 40 katika miezi ya Desemba na Januari. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na Pilipili wako mwenye pua bapa huhema kwa taabu hata mkiwa Melbourne. Msikitegemee sana kiyoyozi cha sehemu ya kulala, kwa kuwa katika magari mengi ya namna hiyo hutumia umeme wa kambini au jenereta, na mkisimama kando ya njia hakifanyi kazi. Hata kambini, umeme ukikatika nanyi mmekwenda kula, gari lililofungwa madirisha hugeuka tanuri kwa muda mfupi. Zaidi ya hayo, mwezi huo mvua za kaskazini huwa zimeanza, mito ya upande wa Katherine, mji wa kaskazini kabla ya Darwin, huweza kufurika na barabara ikafungwa, nanyi mkabaki mmekwama na wanyama katika joto lenye unyevu. Juni na Julai ni habari nyingine kabisa: mchana wa Alice Springs, mji wa katikati ya nchi, huwa wa nyuzi ishirini hivi, ingawa usiku baridi huweza kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo wafungieni mablanketi yao.

Mkiamua kwenda Juni, jueni kwamba mbwa wataibadilisha ramani yenu. Hifadhi nyingi za taifa haziruhusu mbwa, na katika hifadhi ya Uluru-Kata Tjuta, penye ule mwamba mkubwa mwekundu, hawaruhusiwi kuingia hata wakiwa ndani ya gari. Kutoka njia panda ya Erldunda hadi Yulara, mji wa wageni ulio karibu na hifadhi hiyo, ni karibu kilomita 250, na ni vibaya kuzimaliza zote halafu mkaanza kubishana langoni. Njia ya busara ni kupokezana: mmoja aende kuuona mwamba asubuhi, mwingine abaki na mbwa, kesho yake mbadilishane. Najua hamkupanga likizo ili kila mtu atembee peke yake, lakini ndiyo gharama ya kuwa nao.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni sumu iitwayo 1080. Wafugaji huitia katika vipande vya nyama ili kuua mbweha na mbwa mwitu wa huku waitwao dingo, na mbwa wa nyumbani huathirika nayo upesi mno. Kiasi kidogo tu kinatosha, na hakuna dawa ya kuivunja nguvu. Mbwa anaweza kufa hata kwa kula mzoga wa mnyama aliyekufa kwa sumu hiyo. Kwa hiyo mkiona bango la onyo kwenye uzio, msimshushe mbwa hapo hata kwa haja ndogo, na mahali pengine popote awe kwenye kamba. Kwa Simba, yule mbwa wenu wa pili, ambaye tangu utoto wake huokota kila kinachonuka, nunueni kizuizi cha mdomo cha waya, kile kinachomwezesha kuhema na kunywa maji, na mmzoeshe nyumbani kabla ya safari. Karibu na Coober Pedy mtauvuka uzio wa dingo, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 5,000, uliojengwa kuwazuia mbwa mwitu wasiwafikie kondoo wa kusini. Bibi yako kule Upareni, ambaye mbwa kwake alikuwa mlinzi wa boma tu, angecheka sana kuwaona wenu wakiuvuka wamelala kitandani.

Kupe nao msiwadharau. Mwaka 2020 ugonjwa wa ehrlichia, ambao kwetu Afrika Mashariki ni wa siku nyingi, uligunduliwa kwa mbwa wa Kimberley, eneo la kaskazini-magharibi, na wa Katherine, na huenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Mwombeni daktari wa mifugo awape kinga ya kupe mapema, kisha kila jioni mpapase masikio na katikati ya vidole. Miji yenye madaktari wa wanyama iko mbalimbali sana. Andikeni namba za simu za wale wa Port Augusta, Alice Springs na Katherine kwenye karatasi, kwa sababu nje ya miji mtandao hupotea kwa saa nyingi.

Kuhusu uendeshaji nitasema machache, maana mwenzako ni dereva mzuri. Simameni kabla ya jua kuzama, kwa ajili ya kangaruu na ng'ombe. Yapisheni malori yenye matela, ambayo hufikia urefu wa mita 53.5, jazeni mafuta Glendambo, kwa kuwa hadi Coober Pedy, kilomita 250 hivi, hakuna kituo. Mbwa wafungwe mikanda yao gari likiwa linatembea. Maji yao yawe na madumu ya peke yake, kwani ya visima vya huko mara nyingi yana chumvi.

Someni pia mkataba wa kukodi, muone kama mwenye gari anakubali wanyama na kama kuna malipo ya usafi. Ikiwa kazini kwenu watakataa kuwapa likizo ya Juni, waleteni mbwa hapa Adelaide mnapopita. Uani pana kivuli, na mama yako ameshaanza kuuliza Pilipili hula nini.

Baba yako