Pima kumi na tisa na mkono mmoja

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, kazi za sanaa katika shule za msingi humsaidia mtoto kuelewa masomo mengine, au humpotezea muda?" Swali limenikuta natoka duka la vifaa vya shule kununua manila, gundi na mipira ya povu, kwa sababu binti yangu wa darasa la nne alikumbuka usiku, vyombo vikiwa vimeshaoshwa, kwamba kesho anatakiwa apeleke mfumo wa jua. Basi mkiona maneno yangu yana pilipili, mjue imetoka wapi.

Jibu langu la haraka ni kwamba zinapoteza muda, tena si wa mtoto tu. Aliyekata manila ni mama yake. Aliyepaka rangi ni mimi. Mwenye kazi alishika gundi kidogo akasinzia. Asubuhi mfumo wa jua ukapanda bodaboda, mchana ukarudi na alama ya vema na neno "Safi". Safi nini? Jua letu lilikuwa na ukubwa wa chungwa na Dunia ukubwa wa ndimu, maana ndiyo mipira iliyokuwepo dukani. Kipenyo cha Jua ni kama mara 109 ya kipenyo cha Dunia. Dunia ikiwa na sentimita 4, Jua linataka upana wa zaidi ya mita 4, halipiti mlango wa darasa lolote ninalolijua. Somo lilikuwa hapo hapo, la Hisabati na la Jiografia kwa pamoja, na hakuna aliyeligusa. Mpira wa povu haubishi. Ukiupaka bluu ukauita Dunia, unakubali.

Najua mwalimu naye kabanwa. Wenye umri wangu wenye watoto wakubwa wanakumbuka Stadi za Kazi na Haiba na Michezo, masomo yaliyokuwemo kwenye mtaala wa 2005. Hayakuwa na mtihani wa darasa la saba, na somo lisilo na mtihani wote tunajua vipindi vyake vilikwenda wapi: mwalimu wa Hisabati alivikalia. Katikati ya miaka ya 2010 yakaondolewa kabisa kwenye orodha. Sasa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeturudishia Sanaa na Michezo kama somo lenye jina lake, na walimu wanatakiwa waonyeshe namna linavyohusiana na mengine. Unapokuwa na darasa lililojaa mpaka dirishani, uhusiano wa haraka kuliko wote ni kumwambia mtoto akatengeneze nyumbani.

Ndiyo maana nilikaa kuandika kwamba sanaa isichanganywe na kitu. Mpeni mtoto udongo afinyange, mpeni ngoma apige, mwacheni. Kila tukiifunga kwenye somo jingine inageuka kazi ya kupamba. Mtoto anapaka bluu Ziwa Victoria, anapaka bluu Tanganyika, anapaka bluu Nyasa, tunasema amejifunza maziwa. Au nendeni mkatazame kuta za shule zetu, wale twiga na ndege wa nukta nukta. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba za viwandani kwa sababu ndivyo alivyoweza kuvipata kwa bei yake. Hapo pana somo zima la biashara na malighafi. Watoto wanaambiwa waweke nukta.

Nilikuwa nimefika hapa, nimeshapata na kichwa cha barua, nikakumbuka ule mkeka wa darasa la sita. Tangu hapo msimamo wangu haujatulia.

Nilisoma Pangani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Elimu ya Kujitegemea, ile ya Mwalimu Nyerere ya 1967, kwetu ilikuwa imebaki shamba la mihogo, kufagia, na kazi za mikono za siku ya Ijumaa: wasichana wanasuka ukili, ule mshipi mrefu unaoshonwa pamoja kuwa mkeka, wavulana wanafunga fagio. Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa mtu wa bara, hajui kusuka hata kidogo. Tulikuwa kwenye mada ya eneo la mstatili na darasa limeganda. Sijui nani alimpa wazo, lakini siku moja tulipoingia tulimkuta bibi mmoja mshonaji mikeka aliyekaa nyuma ya shule, ambaye mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa, ameketi sakafuni mbele ya ubao. Kiti alikikataa. Pembeni ana ndoo ya maji, fungu la majani ya kusukia, ukindu wa mtoni uliokwisha kuanikwa ukawa mweupe, mwingine umechemshwa kwenye rangi ya zambarau, na gombo la ukili uliokwisha kusukwa.

"Shikamoo Bi Mkubwa." "Marahaba wanangu, kaeni."

Alichukua ukindu, akauchovya, akaupasua kwa ukucha wa kidole gumba, kushoto nyembamba, kulia nyembamba, bila kutazama. Sisi wavulana tulicheka chini kwa chini kwamba leo tunafundishwa kazi ya kike. Mwalimu hakutugombeza. Alituambia tuhesabu.

Akaandika ubaoni. Mkeka wa kitanda cha futi nne kwa sita: sentimita 120 kwa 180, eneo ni sentimita za mraba 21,600. Ukili wa vidole vinne, upana sentimita 8. Gawanya, unapata sentimita 2,700, yaani mita 27 za ukili. Pima moja ni futi sita, akaiweka sentimita 180. Pima 15. Akapiga mistari miwili chini ya jibu kama wafanyavyo, akamgeukia bibi kwa adabu: "Bi Mkubwa, kwa mkeka kama huu wewe husuka pima ngapi?"

Hakutazama hata ubao. "Kumi na tisa, na mkono mmoja."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa namna nyingine angesema bibi anakisia, au angefuta kimyakimya. Huyu aliiacha 15 pale pale, akaandika pembeni yake 19 na mkono mmoja kwa chaki nyekundu, akasema kati ya hizi mbili kuna kitu hatujakijua, na kesho tuje nacho. Rimu ikagongwa, tukatoka.

Kesho yake aliyekuja nacho hakuwa kinara wa darasa. Alikuwa mtoto wa mvuvi, mkaa nyuma, ambaye hesabu za kwenye daftari hazikumpenda. Akauliza: "Mwalimu, hiyo pima ni ya nani?" Maana kwao kamba ya nanga inapimwa kwa mikono iliyonyooshwa, na baba yake akipima hupata chache kuliko kaka yake mdogo. Bi Mkubwa akasimamishwa, akanyoosha mikono, rula ya mita ikapita mgongoni kwake kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: sentimita 160. Tukagawanya upya, 2,700 kwa 160, tukapata 16.875. Basi pima 15 za kitabu zilikuwa karibu 17 za bibi. Lakini bado pima mbili na ushei hazikujulikana zilipo.

Hapo tukagawiwa vipande vya ukili tushone. Na hapa nataka mnivumilie, kwa sababu hiki ndicho nilichokuja kukisema. Ukishona ukili na ukili, kingo mbili lazima zipandane kidogo ili uzi uzikamate zote, la sivyo mshono unafumuka ukikalia mara moja. Inaliwa kama nusu sentimita huku na nusu huku. Tukashona vipande vitano. Hesabu ya ubaoni inasema upana uwe sentimita 40. Msichana mmoja akaweka rula: 36. Tukakunja pindo pande mbili za nje, 35. Gawanya kwa tano, ukili wa sentimita 8 ukishaingia kwenye mkeka ni ukili wa 7. Mwalimu akachukua chaki: 21,600 kwa 7, zikatoka mita 30 na sentimita 86 hivi. Gawanya kwa pima ya Bi Mkubwa. Ikaja 19.29. Pima ni mikono minne, kwa hiyo mkono mmoja ni robo. Kumi na tisa, na mkono mmoja, na kitu kidogo cha kukata ncha.

"Si nilisema?" ndilo neno pekee alilotoa, akaendelea kusuka.

Mimi ukili wangu ulipinda, kwa sababu nilivuta ukingo mmoja kuliko mwingine. Bi Mkubwa aliuchukua, akaufumua wote mpaka mwanzo, akanirudishia bila neno. Nikiurudia ndipo nilipoona jambo ambalo hata mwalimu hakulitaja: ule ukindu wa zambarau unakwenda mshazari kutoka ukingo huu mpaka ule, unakunja, unarudi, na kila baada ya sentimita 16 uko ulipoanzia, mara mbili kamili ya upana. Nilipima ukili mzima kuhakikisha. Nani aliniambia nipime? Hakuna.

Leo naishi Tanga kwa kazi ya vigae. Sitaki mtu aseme mkeka ndio ulionifanya fundi. Kazi nilirithishwa na mjomba. Ila kila wiki nagombana na mwenye nyumba aliyenunua maboksi kwa eneo la sakafu tu, urefu mara upana, na hakuacha hata sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vipande vya kukata ukutani na vinavyovunjika. Na wengi wao wamesoma kunizidi.

Sasa nijibu swali lenu, kinyume na nilivyoanza: ndiyo, humsaidia. Si zote, na pengine ni chache. Naona tofauti ya mkeka na mipira ile ya povu haiko kwenye uzuri wala kwenye bei. Mkeka una jibu lake mwenyewe. Ukikosea hesabu, ukili unaisha kitanda hakijatosha, na huwezi kuubembeleza. Kufinyanga chungu na kukichoma ni hivyo hivyo, udongo wenye unyevu unapasuka motoni na hapo Sayansi imeingia bila kubishiwa hodi. Kupaka ramani rangi hakuna hilo. Kwa hiyo mwalimu akitaka kuunganisha, atafute kazi inayoweza kumkatalia mtoto, na aifanyie darasani, mbele ya macho yake. Ikishakwenda nyumbani ni kazi ya mzazi, tumalize ubishi.

Lakini nami sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Yule mtoto wa mvuvi aliyeuliza swali bora kuliko yote mwaka ule hakufaulu darasa la saba. Mtihani haukuwa na mshono. Ungeuliza mkeka wa nne kwa sita unataka pima ngapi, jibu sahihi lingekuwa 15, na yeye angeandika 19 akakosa. Sijui kama tulimsaidia au tulimharibia. Mimi nilifaulu kwa sababu nilijua lini niandike la bibi na lini niandike la kitabu, na hilo hakuna aliyelifundisha. Isitoshe sisi tulikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja alishika sindano. Kwa darasa la binti yangu, Bi Mkubwa angehitaji wenzake kumi.

Na kuna jambo la malipo, ambalo kwenye semina za walimu silisikii likitajwa. Bi Mkubwa aliacha kazi yake akaja kwetu, akatumia ukindu wake na rangi yake, akafundisha Hisabati kuliko kitabu. Alipewa kilo mbili za sukari na makofi. Mkeka uliokamilika, ambao sokoni ungeuzwa, ulitandikwa ofisi ya walimu. Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 imepunguza michango ya holela na mimi naiunga mkono mia kwa mia, lakini fundi akiitwa darasani leo, mfinyanzi au mshona nyavu, hela yake itatoka fungu gani? Kamati ya shule yetu inakutana mwezi ujao na hilo nitaliuliza. Mwalimu mkuu ananijua kwa maswali, hatashtuka.

Msomaji wenu, fundi vigae, Tanga