Gari linalotoa "tak" moja na kunyamaza

SWALI: Ndugu Fundi, ninakusalimu kutoka Panzi. Nina gari aina ya Toyota Corolla la mwaka 1994, la petroli na giya za mkono, ambalo ndilo linalonifikisha shuleni pamoja na wanangu. Tangu mvua zilipoanza, nikigeuza ufunguo asubuhi ninasikia "tak" moja tu upande wa injini, kisha kimya. Nikirudia mara nane au kumi, kuna siku linashika ghafla na kuunguruma vizuri kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Nilishauriwa ninunue betri mpya, nikanunua. Mwezi uliofuata nikaambiwa kwamba ile ilikuwa mbovu, nikanunua ya pili. Hali haikubadilika. Sasa kila jioni ninaliegesha kwenye mteremko na kuweka jiwe chini ya gurudumu, ili asubuhi vijana wa mtaa wanisaidie kulisukuma. Fundi aliyeliona mara ya mwisho anasema stata, ile mota inayoizungusha injini ili iwake, imekufa na ninunue nyingine nzima. Je, nitoe pesa tena? (Mwalimu, Panzi, Bukavu)

JIBU: Mwalimu, tafadhali usitoe hata faranga moja kabla ya kufanya jaribio ambalo halitakugharimu chochote. Barua yako imenigusa kwa sababu inafanana na nyingine nyingi ninazopokea, ambazo mwenye gari amekwisha kununua vitu viwili au vitatu vizima kwa kubahatisha, wakati kilichoharibika ni kipande kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Nawe umekwisha kunipa nusu ya jibu, kwa kuwa umesikiliza vizuri: umesema "tak" moja, si nyingi.

Alfajiri kabla hakujapambazuka, lielekeze gari ukutani, washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo huku ukiutazama mwanga. Taa zikizimika kabisa mara tu unapogeuza, ama betri imelala, ama vichwa vyake havishiki. Zikififia, na ukasikia tak-tak-tak ya haraka kama cherehani, betri ina umeme kidogo ambao unatosha kuivuta swichi ya stata lakini hautoshi kuishikilia. Lakini mwanga ukibaki vilevile na ukasikia "tak" moja tu, basi umeme upo wa kutosha, ila kuna mahali umezuiliwa njiani. Ninaamini hicho ndicho utakachokiona, kwa sababu betri mbili mpya hazikuleta nafuu yoyote.

Fundi mwenye multimita, yaani kipimo cha umeme, ataweza kulithibitisha hilo kwa namba. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha huonyesha takriban volti 12.6, na ikionyesha 12.2 imebaki na kama nusu ya umeme wake. Stata inapozungusha injini ni kawaida namba ishuke hadi 10 au zaidi kidogo. Ikienda chini ya 9.6, betri ni dhaifu. Sasa, ikiwa unageuza ufunguo, "tak" inasikika, na namba haishuki chini ya 12, ina maana kwamba stata haijavuta umeme kabisa, na betri haiwezi kulaumiwa kwa mzigo ambao haijatwishwa.

Zimebaki sehemu mbili za kushuku, na ninakuomba uanze na ile isiyo na gharama. Waya mnene wa upande wa hasi, ambao mafundi wetu huuita masi, hufungwa kwenye bodi na kwenye injini. Taa hurudisha umeme wake kupitia bodi, lakini stata imefungwa kwenye injini. Kwa hiyo njia ya injini ikiliwa na kutu, taa zitang'aa vizuri huku stata ikikosa pa kupitishia umeme. Katika mji ambao mvua zake huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, gari lenye umri huo lina kila sababu ya kuwa na kutu mahali hapo. Chukua waya mmoja kati ya zile za kuazimana umeme gari kwa gari, funga ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha geuza ufunguo. Likiwaka papo hapo, umeupata ugonjwa: fungua masi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza vizuri. Na kama vichwa vya betri vimeota unga mweupe au wa kijani, vioshe kwa maji ya moto yaliyotiwa bikabonati ya kupikia. Katika kuvifungua anza daima na hasi, na katika kuvirudisha malizia na hasi, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isirushe cheche.

Ikiwa waya huo wa ziada haukubadilisha kitu, mwombe fundi aweke ncha moja ya multimita kwenye boliti nene ya stata na nyingine kwenye mwili wa stata yenyewe, wakati wewe unageuza ufunguo. Akisoma volti 12 pale pale inaposikika "tak", na stata isizunguke, umeme umefika mlangoni na mlango haufunguki. Nitaueleza mlango huo kwa urefu, kwa sababu ndipo pesa nyingi za wasomaji wetu hupotea.

Stata nyingi za Corolla za miaka hiyo ni za Denso, na kwa nyuma zina kifuniko cha duara kilichoshikwa na boliti tatu ndogo. Ukikifungua utaona chuma kinene kama kidole gumba chenye kisahani cha shaba kwenye ncha, na pembeni vipande viwili vya shaba vilivyopinda kama herufi L. Unapogeuza ufunguo, chuma hicho huvutwa ndani na kisahani hugonga vile vipande viwili kwa pamoja, ili umeme mwingi upite kwenda kwenye mota. Huko kugonga ndiko "tak" unayoisikia. Kila siku cheche huunguza shaba kidogo, na baada ya miaka kisahani hufika mwisho wa safari yake bila kuvigusa vyote viwili barabara. Ukirudia mara nane au kumi, kisahani huzunguka kidogo, kinaangukia upande ambao haujalika sana, na gari linawaka. Ndiyo maana tabia yake inakuchanganya.

Nilipokuwa mwanafunzi katika gereji moja ya Kadutu, mzee aliyenifundisha aliviweka vipande hivyo kiganjani mwangu, kimoja kipya na kimoja kilichotoka kwenye gari la mteja. Kile kipya kilikuwa bapa na chekundu kama sufuria iliyosuguliwa. Kile cha zamani kilikuwa cheusi, na katikati yake palikuwa na ngazi iliyochimbwa na moto, ya kutosha kuingiza ukucha. Alisema kipande hicho ndicho "demareri (yaani stata) iliyokufa" aliyoletewa, kisha akanionyesha mota yake, ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Kwa hiyo mwombe fundi wako abadilishe vipande vyote viwili, hata kama kimoja kinaonekana kizuri, na akikague kisahani kwa sababu nacho hulika. Kabla ya kuishika stata aondoe kwanza waya wa hasi kwenye betri, maana ile boliti nene ina umeme saa zote hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Na kama stata utakayouziwa ni ya mtumba, huenda imetoka kwenye gari la umri uleule, na shaba zake huenda zimelika vilevile. Usiinunue bila kufunguliwa mbele yako. Stata nzima hubadilishwa pale brashi za mota zimekwisha na mahali zinaposugulia pameharibika, au koili zake zimeungua, jambo ambalo fundi ataliona baada ya kuifungua, si kwa kusikiliza akiwa nje.

Jambo moja katika barua yako limenitia hofu kuliko gari kutowaka, nalo ni ule mteremko. Injini ikiwa imezimwa, breki hubaki na nguvu ya kukanyagwa mara mbili tatu tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe, na usukani wenye msaada wa injini huwa mzito. Barabara zetu zinashuka kuelekea ziwani zikiwa na watoto wa shule, wamama wenye mizigo na pikipiki pande zote. Mpaka stata itakapotengenezwa, sukumeni kwenye tambarare: ufunguo ukiwa umewashwa, giya ya pili, klachi imekanyagwa, kisha uiachie gari linapopata mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Wanao wasiwe ndani wakati huo, na asiwepo hata mtu mmoja mbele ya gari.

SWALI: Fundi, mimi ni mama mfanyabiashara wa Nyawera. Carina yangu ya mwaka 1995 inazungushwa na stata kwa nguvu, lakini injini haishiki, hasa baada ya usiku wa mvua. Jua likipanda, inawaka. Petroli ninainunua kwa bidoni kando ya barabara. Je, ni maji kwenye mafuta?

JIBU: Mama, swali lako ni zuri, na jua lenyewe linatusaidia kulijibu. Maji yaliyozama chini ya tangi hayakaushwi na jua la saa nne. Yangekusumbua mchana pia, na gari lingekuwa likikwama njiani. Unyevu unaokauka kwa jua hukaa juu ya injini, na katika Carina ya umri huo ninashuku kwanza distributa, kifaa kinachogawa umeme wa moto kwa kila buji, ambacho mafundi wetu hukiita delko, pamoja na waya zinazopeleka moto kwenye buji. Usiku, boneti ikiwa wazi, mtu mmoja ageuze ufunguo na mwingine atazame kwa mbali bila kugusa kitu: waya zilizochakaa huonyesha vicheche vya buluu vinavyoruka kwenda kwenye chuma. Kifuniko cha delko kifunguliwe, kikaushwe kwa kitambaa safi, kisha kichunguzwe ndani kwa tochi. Mstari mwembamba mweusi kama wa penseli kati ya pini mbili ni njia ambayo umeme umejichongea. Kifuniko chenye mstari huo hakitengenezeki, kibadilishwe. Kama delko na waya ni nzima, fundi aunganishe tundu za TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, awashe ufunguo bila kuwasha injini, na ahesabu mimweko ya taa ya injini. Namba 12 au 14 itamwelekeza kwenye mfumo wa moto. Namba 22 ni kihisio cha joto la maji, ambacho kikidanganya, injini baridi hukosa petroli ya kutosha.

Hata hivyo, pima mafuta yako. Jaza chupa ya plastiki inayoonyesha, iache itulie kwa nusu saa: maji hushuka chini na kufanya mpaka unaoonekana. Na usizungushe stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja bila kuipumzisha dakika nzima, usije ukaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

SWALI: Gari langu ni la giya za otomatiki. Leo taa zote zinawaka, betri ni nzima, lakini nikigeuza ufunguo hakuna sauti yoyote, hata "tak". (Papa wa watoto watano, Bagira)

JIBU: Papa, kanyaga breki, toa giya kwenye P, iweke kwenye N, ujaribu tena. Likiwaka, swichi inayoijulisha stata kwamba giya imetulia imechafuka au imesogea, na fundi anaweza kuisafisha na kuirekebisha. Lisipowaka hata kwenye N, wakague fyuzi, rilei ya stata na swichi ya ufunguo yenyewe. Usikubali waunganishe waya moja kwa moja ili kuiruka swichi hiyo ya giya: siku mtoto atakapogeuza ufunguo giya ikiwa kwenye D, gari litaruka mbele na kumgonga yeyote aliyesimama hapo. Wala usiwaache wakalisukuma ili liwake, kwa sababu gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.